Bastola Ikikuruka Mkononi

Mdogo wangu wa Kilwa Masoko, mfanyabiashara wa ufuta, ujumbe wako nimeupata. Kibali cha bastola unacho na mwalimu unaye, lakini kila ukifyatua mtutu unaruka na risasi inapita juu ya shabaha. Kaka yako anasema mkono wa kike hauna nguvu. Mwache aseme.

Risasi ya milimita 9 ina gramu 8 hivi, na hutoka kwa kasi inayokaribia mita 350 kwa sekunde. Inapokwenda mbele, bastola inasukumwa nyuma. Na kwa kuwa mtutu uko juu ya kiganja chako, lazima unyanyuke. Ukishika mpini chini ndiyo unazidi kuupa nafasi. Panda juu, dada. Pengo la kati ya kidole gumba na cha shahada likabe mpini juu kabisa, ila ngozi isikae nyuma ya kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua, kitakuchana. Mkono wa kushoto ujaze upande wa mpini uliobaki wazi, vidole vikumbatie vile vya kulia, na vidole gumba vyote viwili vielekee mbele. Wa kushoto ndio ubane zaidi, maana wa kulia ukibana mno, kidole cha kufyatulia kinakakamaa. Vifundo vya mikono usivilegeze: vikilegea, hata ganda la risasi linaweza kukwama lisitoke.

Kusimama je? Wengi wanaoanza huegemea nyuma, utadhani bastola inanuka. Tanua miguu usawa wa mabega, kunja magoti kidogo, kifua kitangulie, kama baharia anavyosimama mashua ikivuka kwenda Kilwa Kisiwani. Buibui la kubana siku ya mazoezi liache nyumbani. Na shingo ifunike vizuri, kwani ganda linatoka la moto na hupenda kuingia kifuani. Likiingia, usiruke! Toa kidole kwenye kifyatulio, mtutu ubaki kwenye shabaha, halafu ndipo ujikune.

Ila kwako wewe nashuku woga pia. Kuna wanaokaza mwili na kusukuma mikono kabla mlio haujatoka. Mwombe mwalimu achanganye risasi bandia kwenye magazini bila wewe kujua ziko wapi. Ikifika ya bandia, mtutu ukitikisika, basi bastola haina kosa. Vaa vizuia sauti masikioni, fyatua polepole, na pumzika mikono ikichoka. Kwa joto letu la pwani, futa na jasho viganjani.

Tafadhali usiende kujaribia shambani Nangurukuru kwa sababu tu hakuna jirani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mzaha. Waulize polisi wa wilaya wapi unaruhusiwa kufanya mazoezi, na ukirudi nyumbani bastola ifungiwe kabatini, risasi mbali nayo, ufunguo ukae nao wewe mwenyewe.