Skrini Ndani ya Gari: Waya wa Breki ya Mkono Usichezewe

Magari mengi yanayopanda kutoka Himo kwenda Marangu, Mwika na Mkuu yaliletwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Redio zake ziliundwa kushika FM ya huko, ya 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Mwenye Noah au IST anaambulia stesheni chache, na maandishi yote ni ya Kijapani. Ndipo anashuka Moshi mjini kutafuta fundi amfungie redio nyingine, na siku hizi hiyo nyingine huwa na skrini ya kugusa: ramani, simu, kamera ya nyuma, video.

Kubadilisha redio si kosa. Kamera ya nyuma ni msaada mkubwa kwa anayetoka kinyumenyume kwenye njia nyembamba ya kihambani, watoto wakicheza pembeni. Hofu yetu iko kwenye waya mmoja.

Waya wenyewe

Redio nyingi za skrini huja na waya mwembamba wa kuunganishwa na breki ya mkono. Breki ikiwa imevutwa, video inaonekana. Ikiachiwa, picha inakatika. Wapo mafundi wanaouchukua waya huo na kuubana kwenye bodi la gari, redio ikadhani breki imevutwa saa zote. Mara nyingi ni mteja aliyeomba. Akitoka hapo anapanda mlima huku muziki wa video ukicheza mkono wake wa kushoto.

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kikomo cha sheria kwenye maeneo ya makazi, gari hula karibu mita 14 kila sekunde. Ukitafuta wimbo kwa sekunde 4 umepita mita 55 bila kuiona barabara, na barabara yetu ina kona, miteremko, ukungu wa asubuhi, bodaboda, wanafunzi, na akina mama wenye mikungu ya ndizi kuelekea sokoni. Kitufe cha zamani kidole kilikipata kwa kupapasa. Kioo laini hakipapasiki, lazima jicho liende. Mwaka 2013 Marekani iliwapa watengenezaji wa magari mwongozo kwamba kazi yoyote ya kwenye skrini isimtake dereva kuitazama zaidi ya sekunde 2 kwa mara moja, wala zaidi ya 12 kwa jumla. Ukiandika jina la mahali kwenye ramani, ni vigumu kuutimiza mwongozo huo.

Kupokea simu kupitia skrini nako kusikupe amani. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba dereva anayetumia simu ana hatari ya ajali karibu mara 4 ya asiyetumia, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi haipunguzi sana hatari hiyo, kwa kuwa akili imeshahama.

Sheria

Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, kabla ya vifaa hivi. Hata hivyo kuendesha bila uangalifu na kuendesha kwa hatari ni makosa ndani yake, na mtu akiumia au kufa kwa uendeshaji wa hatari, kosa ni zito zaidi. Kusema “nilikuwa naangalia ramani” ni kukiri kwamba macho hayakuwa barabarani.

Unapofunga

Mwambie fundi waziwazi: “Waya wa breki ya mkono uunganishe na breki ya mkono, usiupeleke bodi.” Skrini isizibe kioo cha mbele, wala isikae juu ya mfuniko wa mfuko wa hewa. Nyaya zenye ganda la njano huwa ni za mifuko hiyo, zisikatwe.

Kwenye gari la abiria, muziki aushike konda. Abiria naye ana haki ya kusema, “Dereva, tuangalie barabara,” na asionekane mkorofi.

Kama gari lako lilishafungwa, lipime leo. Simama mahali tambarare, washa video, kanyaga breki ya mguu, kisha achia ya mkono. Picha ikiendelea, rudi kwa fundi kabla hujapanda tena mlima.