Somo: Mzigo wa Mawazo na Namna ya Kuupunguza

Mara nyingi mama anafika hospitalini asubuhi, mkono uko kichwani.

"Mama, unaumwa wapi?"

"Munganga, ni kichwa na shingo. Moyo unapiga mbio. Usingizi hakuna."

Tunapima damu, malaria haipo. Tunauliza tena: "Na nyumbani, mama, habari gani?" Hapo anainama. Bwana wake yuko kwenye mashimo tangu juzi, hajarudi. Mwenye nyumba anataka kodi. Mtoto wa sekondari amerudishwa kwa sababu ya minervali. Na watu wanasema bei ya kobalti imeshuka tena.

Mama huyu hadanganyi. Anaumwa kweli. Somo hili ni lake, na ni letu sote.

1. Mwili unafanya nini?

Juu ya mafigo kuna tezi mbili ndogo. Mtu akiona hatari, tezi hizi zinatoa dawa za mwili, adrenalini na kotisoli. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza. Jambo hili ni jema: ukimwona nyoka njiani, miguu inaruka kabla hujafikiri.

Lakini deni halikimbiwi kwa miguu. Mwili unajitayarisha kukimbia, nawe umekaa pale pale, leo, kesho na kesho kutwa. Basi kichwa kinauma, tumbo linachafuka, usingizi unapotea, hasira inawaangukia watoto. Hii si uvivu, wala si lazima mtu awe amekuroga. Ni mwili uliokaa macho muda mrefu mno.

2. Mizigo ya hapa kwetu

Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya kazi ya shaba. Wazee wanakumbuka jinsi kampuni ya Union Minière ilivyowapa wafanyakazi nyumba, posho ya unga, shule na hospitali, kama baba na mama. Baadaye mali yake ilichukuliwa na Serikali, ikawa Gécamines. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa kupewa fedha za mara moja. Watu wengi wakashika sululu, wakawa wachimbaji wa mikono. Tangu hapo nyumba nyingi hazijui mwisho wa mwezi. Zinajua tu siku ya kupata na siku ya kukosa.

Tazama tena mwaka 2025. Tarehe 22 Februari Serikali ilisimamisha kupeleka kobalti ng'ambo, na mwezi wa Oktoba ikaweka kipimo cha kiasi kinachoweza kutoka. Mambo kama hayo yanaamuliwa mbali sana na jiko la mama yule. Lakini uzito wake unafika mpaka kwenye sufuria ya bukari.

3. Tufanye nini?

Kwanza, tuliza pumzi. Kaa chini, legeza mabega. Vuta hewa kwa pua ukihesabu mpaka 4. Itoe polepole ukihesabu mpaka 6. Fanya hivyo kwa dakika tano, asubuhi na jioni. Pumzi ndefu inauambia moyo kwamba nyoka amekwenda.

Pili, gawanya mzigo. Chukua daftari, piga mstari katikati. Upande mmoja andika mambo ambayo mkono wako unayafikia. Upande wa pili andika yale usiyoyafikia. Bei ya kobalti ni ya upande wa pili. Kuihesabu usiku hakuongezi faranka hata moja. Kodi ni ya upande wa kwanza: mama aende kwa mwenye nyumba kabla hajaitwa, amletee sehemu, amwambie siku ya kumaliza. Shuleni vilevile. Chagua jambo moja tu kwa leo.

Na bwana aliye shimoni? Hofu hiyo haitakwisha kabisa, maana hatari ni ya kweli. Lakini hata hapo mkono unafikia kidogo. Wakubaliane siku ya kutuma habari, na rafiki atakayezileta. Wakubaliane kwamba haingii shimoni baada ya mvua kubwa, wakati udongo umelegea. Wakumbuke pia kwamba sheria inakataza wachimbaji wa mikono kupita mita 30 kwenda chini.

Tatu, tafuta mtu wa kukusikiliza. Huko Zimbabwe watu husema neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2006 munganga Dixon Chibanda alianza kazi mtaa wa Mbare, mjini Harare, pamoja na mama wazee 14. Walifundishwa kukaa na mgonjwa kwenye benchi, kumsikiliza, na kumsaidia achague tatizo moja la kushughulikia. Mwaka 2016 matokeo ya uchunguzi yalitolewa: waliosaidiwa hivyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko wengine, hata baada ya miezi sita. Kwetu nako wazee wapo, na mabenchi yapo. Nenda kwa mama mkubwa, kwa shangazi, kwa mzee wa kanisa asiyetangaza siri. Nawe ukiombwa kusikiliza, usikimbilie kuhukumu.

Nne, tunza mwili. Lala na kuamka saa zile zile. Tembea nusu saa kwa siku. Usiache kula. Jihadhari na lutuku: inaleta usingizi upesi, kisha inauvunja usiku wa manane, na asubuhi deni limeongezeka.

4. Usikawie kuja hospitali

Njoo upesi ukiwa na maumivu ya kifua au pumzi inayokatika; usiseme ni mawazo tu. Njoo upimwe tansio. Ikiwa 14 kwa 9 au zaidi mara kwa mara, inahitaji matunzo. Kama umepewa dawa yake, usiiache kwa sababu unajisikia vema. Njoo kama majuma mawili yamepita bila usingizi wala furaha. Na mtu akisema hataki kuishi tena, asiachwe peke yake. Mlete siku ile ile.

Maswali ya kujibu pamoja

1. Kwa nini moyo unapiga mbio wakati mtu amekaa tu akifikiri deni?
2. Katika mizigo yako ya juma hili, ni upi ambao mkono wako unaufikia?
3. Ni nani jirani yako ambaye hajatoka nje siku hizi? Utakwenda kumwona siku gani?