Kabla Hujanunua Prosesa

Kompyuta za mezani zilizotumika hupita kwenye meza yangu ya ufundi kila wiki, na inayonijia sana ni Dell OptiPlex 7010, ile ya mwaka 2012. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na wenye nazo.

*Fundi, yangu ina i3-3220 na imekuwa nzito mno. Nikiweka i7 itapona?*

Tuipime kwanza. Fungua kazi zako za kila siku, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uangalie asilimia. Diski ikiwa imeganda kwenye 100 huku prosesa ikisoma 20, prosesa haina kosa. Kinachokuchelewesha ni hadidiski ya kuzunguka. Weka SSD, RAM ifike angalau GB 8, utumie wiki nzima. Wateja wangu wengi huishia hapo, nami hufurahi, maana pesa yao imekwenda panapostahili.

Lakini kama prosesa ndiyo inayogonga 100 unapohariri video, hapo tuzungumze. i3-3220 ina kori mbili tu; i7-3770 ina nne na huendesha nyuzi nane kwa mpigo. Tofauti hiyo utaiona kwa macho.

*Dukani wamenipa i5-4570, wanasema ni mpya zaidi. Niichukue?*

Irudishe. Soketi ya 7010 ni 1155, na i5-4570 ni ya soketi 1150. Namba kubwa kwenye jina isikudanganye. Hata i7-870, ambayo ni ya 1156 na imepishana kwa pini moja tu, haikai, kwa sababu vikato vyake vya pembeni havilingani na soketi yako.

Soketi kulingana peke yake hakutoshi. BIOS nayo lazima iitambue prosesa. Programu ya bure ya CPU-Z itakusomea jina la mazabodi, kisha utafute orodha ya mtengenezaji ya prosesa inazozikubali. Mazabodi nyingi za 1155 za mwaka 2011 zilidai BIOS mpya kabla ya kupokea kizazi cha tatu. Kazi ya kuweka BIOS mpya ifanye prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, na kompyuta iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati, mazabodi inaweza isiwake tena.

Angalia na joto. i3-3220 ni ya wati 55, i7-3770 ni ya wati 77. Kama kasha lako ni lile dogo kabisa, tafuta i7-3770S ya wati 65.

*Naogopa kuharibu. Hatari hasa iko wapi?*

Kwenye pini. Kwa Intel hizi pini ziko kwenye mazabodi, nyembamba kama nywele. Niliwahi kuletewa mashine iliyozima kabisa. Mwenyewe aliitelezesha prosesa badala ya kuishusha wima. Nilipomulika tochi kwa upande, pini mbili ziling'aa tofauti na nyingine: zilikuwa zimelala. Nikazinyanyua kwa ncha ya sindano chini ya lenzi, pumzi nimeibana. Moja ikasimama, ya pili ikakatika. Ikabidi anunue mazabodi nyingine, na iliniuma kumwambia.

Kwa hiyo iache kompyuta iwake dakika kumi ili pesti ya zamani, iliyo kati ya prosesa na kipoozeo, ilainike. Zima, chomoa waya, gusa chuma cha kasha. Legeza skrubu za kipoozeo kwa kupishanisha kona, kizungushe kidogo kabla ya kukiinua. Prosesa mpya ishike kwa kingo, linganisha vikato, iachie itulie kwa uzito wake. Usiisukume. Futa pesti ya zamani yote kwenye kipoozeo. Mpya inatosha tone la ukubwa wa choroko.

*Na Windows 11 nitaipata?*

Kwa njia rasmi, hapana. Microsoft inadai Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0, na hakuna prosesa ya soketi 1155 inayofika huko. Msaada wa kawaida wa Windows 10 nao ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama Windows 11 ndiyo unayoitaka, usitumie hata shilingi moja kwenye prosesa. Pesa hiyo iweke kwa mashine nyingine. Kama kazi zako zinakwenda kwenye Linux Mint, i7-3770 bado itakufaa.

*Ile i3 niiuze?*

Usiiuze kwanza. Ifunge kwenye kiboksi bila kugusa vidoti vya dhahabu vya chini. Siku mashine ikigoma kuwaka, irudishe kwenye soketi: ikiwaka nayo, kosa ni la prosesa mpya, na bado unaweza kuirudisha dukani.