Oili Ikilala Usiku Kucha

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilipangiwa sekondari moja Kilwa Masoko, fizikia kidato cha tatu, mada ya msuguano. Tunafundisha kwa Kiingereza, lakini maswali ya kweli huja kwa Kiswahili. Nilishaandika ubaoni kwamba oili hutenganisha chuma na chuma, basi, nikijua nimemaliza. Kijana mmoja anayevuka kutoka Kisiwani akanyoosha mkono.

"Mwalimu, boti ya baba ikilala usiku kucha, oili si inashuka yote chini? Asubuhi akiiwasha, mbona chuma hakiliki?"

Nikamwambia tutaendelea kesho. Ujanja wa walimu wote.

Usiku nilisoma mpaka simu ikaisha chaji. Kumbe uso wa chuma, hata uking'aa vipi, una vilima vidogo vidogo. Injini inapowaka kabla pampu haijapandisha oili, au pale kemshafti inapobana kwa nguvu, vilima hivyo hugusana kabisa. Kinachookoa ni kiambato kinachotiwa kwenye oili kiwandani, chenye zinki, fosforasi na salfa, kilichoanza kutumika miaka ya 1940. Kikipata joto na kusuguliwa kinavunjika, na masalia yake yanajenga juu ya chuma utando mgumu wa fosfati, unaofanana na kioo. Unene wake ni kama nanomita 100 tu. Unywele ni mnene mara mia kadhaa zaidi. Oili ikishuka, utando unabaki. Ndio unaolika badala ya chuma, kisha unajengwa upya palepale panaposuguana.

Kesho yake nilifuta maelezo yangu ya jana mbele ya darasa. Nikawatolea mfano wa shahamu, yale mafuta ya mnyama na chokaa wanayopaka wazee chini ya jahazi. Tofauti ni kwamba shahamu hupakwa kwa mkono, huu utando unajipaka wenyewe. (Na zile mashine za petroli zinazochanganyiwa oili tuziache, oili yake inaungua humohumo.)

Yule kijana hakuridhika. "Baba anaichuja oili nyeusi kwa kitambaa, anairudisha."

Nikamweleza kwamba kitambaa kinazuia uchafu, hakirudishi zinki iliyokwisha. Kiambato kikiisha, utando ukilika haujengwi tena, na kinachofuata kulika ni chuma chenyewe, pengine katikati ya mkondo na abiria ndani.

Akanyamaza. "Mwalimu, hilo ukamwambie wewe."

Jumamosi nikavuka.