Jifunze: Povu la Mti Ndani ya Chanjo ya Malaria

Ukiponda jani la mkonge na kulitikisa ndani ya maji, hutoa povu kama la sabuni. Povu hilo hutokana na saponini, kemikali inayopatikana katika mimea mingi. Saponini ya mti mmoja wa Chile, Quillaja saponaria, imo ndani ya chanjo ya malaria RTS,S, ambayo watoto wa kanda ya Ziwa walianza kupewa Septemba 2019. Chanjo hiyo ilifanyiwa majaribio kwanza, yakiwemo ya Kombewa, hapa Kisumu, na Siaya. Chanjo ya R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023, nayo hutumia saponini za mti huohuo.

Saponini hufanya nini?
Mbu akimuuma mtoto, vimelea hukimbilia kwenye ini kwa muda mfupi sana. Ili viwahiwe, mwili unahitaji askari wengi walio tayari. Chanjo hubeba kipande tu cha ganda la kimelea, kwa hiyo haiwezi kuleta malaria. Lakini kipande hicho peke yake hakiushtui mwili vya kutosha. Saponini ndiyo inayopiga kengele, na mwili ukatengeneza askari kwa wingi.

Je, tuchemshe magome?
La. Saponini ghafi ikiingia kwenye damu hupasua chembe nyekundu. Ile ya chanjo husafishwa, kisha huchanganywa na mafuta maalumu yanayoituliza. Kiasi chake ni kidogo mno: gramu moja hutosha dozi 40,000 za RTS,S. Dawa ya kienyeji haiwezi kuchukua nafasi ya chanjo.

Kwa nini dozi nne?
Kinga hupungua kadiri miezi inavyopita. Dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 6. Ya nne huja akiwa tayari anatembea, wakati safari za kliniki zimepungua, na ndiyo rahisi kusahaulika. Katika majaribio, watoto wakubwa kidogo waliopata dozi zote nne walipungukiwa na visa vya malaria kwa takriban 4 kati ya 10 katika miaka minne. Visa vingine hubaki, kwa hiyo neti iendelee kutumika, na mtoto mwenye homa apimwe mapema.

Mzazi wa Migosi na kwingineko, fungua leo kijitabu cha mama na mtoto uangalie tarehe ya dozi ya nne. Ikiwa imepita, mpeleke mtoto kwenye kituo cha afya cha serikali kilicho karibu. Chanjo ni bure.