SOMO LA MAPISHI: KUKU WA CHENGA ZA MKATE NA JIBINI

Ndugu wanakisomo, hapa Nkololo kuku tunao na maziwa tunayo. Lakini kuku tunamjua wa mchuzi tu. Leo tutajifunza kumpika kwa namna nyingine, bila jiko la umeme. Tutatumia sufuria, mfuniko wa bati na makaa.

Tuanze na jibini. Jibini ni maziwa yaliyogandishwa na kukamuliwa maji. Chukua lita 2 za maziwa ya ng'ombe. Yachemshe mpaka yaumuke. Usiruke hatua hii. Maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu, na pia ile homa inayotoka kwa ng'ombe wanaotupa mimba. Mtu anaugua miezi na miezi, anadhani ni malaria tu.

Sasa epua. Tia maji ya ndimu kijiko kimoja kimoja, huku unakoroga polepole. Vijiko 4 mpaka 6 vinatosha. Utaona mabonge meupe yanajitenga na maji ya rangi ya manjano. Kama ndimu hakuna, tia kikombe kimoja au viwili vya maziwa mgando yaliyochachuka sana. Chuja kwa kitambaa kilichochemshwa, tia chumvi, funga, ning'iniza kwa saa moja. Yale maji usimwage! Pikia uji wa watoto.

Wakati jibini inachuja, shughulikia kuku. Kuku aliyekufa mwenyewe hapikwi, hata kama roho inauma. Mzike au mchome moto. Chinja kuku mzima wa afya, mkate vipande, mchemshe kwa chumvi, kitunguu saumu na tangawizi. Kuku wa kienyeji ni mgumu, na jogoo mzee anaweza kumaliza saa mbili jikoni. Ndiyo maana tunamchemsha kwanza. Ameiva nyama ikiachia mfupa, na ukimchoma kwa kisu hatoi maji mekundu. Mtoe, apoe, akauke. Akiwa na maji, chenga zitadondoka zote. Supu weka pembeni.

Chenga ni za mkate uliokauka. Usagesage kwa mkono au utwange kidogo kwenye kinu. Ukiona ukungu kwenye mkate, tupa wote. Mkate ukikosekana, unga wa mahindi unafaa. Wengine watauliza, na michembe je? Inawezekana, lakini ina sukari, inaungua upesi. Kaa karibu nayo.

Piga mayai 2. Chovya kipande cha kuku kwenye yai, kisha kigaragaze kwenye chenga. Paka sufuria mafuta, panga vipande, nyunyizia mafuta kidogo juu, halafu vunjavunja jibini juu yake. Funika. Weka makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, kama mnavyopika keki au wali wa kupalia. Baada ya dakika 20 chungulia. Jibini hii haiyeyuki kama ile ya dukani. Inakauka na kuwa ya kahawia, na ndivyo inavyotakiwa.

Sasa tuje kwenye mgawo, maana hapa ndipo penye maneno. Katika baadhi ya kaya baba anapata firigisi na paja, wageni wanapata kidari, mama na watoto wanabaki na shingo na miguu. Mjamzito mwingine anakatazwa hata yai. Sisi tunasema hapana. Mama mwenye mimba anajenga damu na mwili wa mtu mwingine. Mtoto aliyeachishwa ziwa anahitaji nyama ili akue. Mtoto mdogo mtolee mifupa, mchambulie nyama laini na jibini, achanganyiwe na ugali na ile supu.

Zoezi. Kuku mmoja ametoa vipande 10. Nyumbani mko watu 8, na mmoja ni mjamzito. Andika kwenye daftari majina ya wote, na mbele ya kila jina andika kipande atakachopata. Kisha wasomee wenzako nyumbani kabla sufuria haijafunuliwa.