Tezi Isiyouma: Lini Uvimbe wa Shingo, Kwapa au Kinena Upelekwe kwa Daktari

Chukulia mfano wa mpakuzi wa mizigo katika Soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo, anayegundua uvimbe mdogo upande wa kulia wa shingo. Hauumi, hivyo anaendelea na kazi. Wiki ya tatu ananunua vidonge vya amoksilini katika duka la dawa. Wiki ya sita anapewa dawa nyingine yenye nguvu zaidi. Mwezi wa tatu jirani anamshauri apake mitishamba. Anapofika zahanati, suruali zinampwaya na shuka lake hulowa jasho kila usiku. Wote waliomshauri walimtakia nafuu, lakini hakuna aliyeuliza uvimbe ule umesababishwa na nini.

Kazi ya tezi

Tezi za limfu ni vituo vya ulinzi wa mwili. Hupatikana kwa wingi shingoni, kwapani na kwenye kinena, na huchuja vijidudu vinavyoingia katika sehemu iliyo karibu nazo. Kidonda cha mguu kinaweza kuvimbisha tezi za kinena, ambazo wengi huziita mitoki. Jino bovu au koo lenye maambukizi huvimbisha tezi za chini ya taya. Tezi ya namna hii huuma ikiguswa, husogea chini ya ngozi, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne baada ya chanzo kupona. Kwa watoto, tezi ndogo laini za shingo ni jambo la kawaida.

Hapa ndipo wengi hukosea: hudhani kwamba kisichouma hakina madhara. Tezi yenye kifua kikuu au saratani mara nyingi haiumi kabisa katika miezi ya mwanzo.

Dalili za kumwona daktari

Mgonjwa afike kituo cha afya iwapo:

- uvimbe umedumu zaidi ya wiki mbili bila kupungua, au unazidi kukua;
- tezi ni ngumu, haisogei, au kadhaa zimeshikamana;
- uvimbe uko juu ya mtulinga, hata ukiwa mdogo;
- tezi zimevimba sehemu mbili au zaidi za mwili bila sababu inayojulikana;
- kuna homa ya muda mrefu, jasho jingi usiku, kupungua uzito au kikohozi;
- tezi imepasuka na kutoa usaha.

Asisubiri hata siku moja anayepumua au kumeza kwa shida, wala mwenye tezi nyekundu yenye moto pamoja na homa kali.

Magonjwa yanayoweza kuwa nyuma ya uvimbe

Nchini Tanzania, kifua kikuu ni miongoni mwa sababu za kwanza za kufikiriwa. Licha ya jina lake, ugonjwa huu hushambulia pia tezi, hasa za shingo, na mgonjwa anaweza asikohoe kamwe. Kifua kikuu kilicho kwenye tezi pekee hakiambukizi kwa hewa. Hakuna haja ya kumtengea mgonjwa vyombo wala chumba. Hata hivyo, mapafu yake lazima yachunguzwe. Matibabu huchukua miezi 6 na hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Wakati mwingine tezi huvimba zaidi katikati ya tiba. Mgonjwa asiache dawa kwa sababu hiyo, bali arudi kliniki.

Virusi vya UKIMWI navyo huvimbisha tezi sehemu nyingi kwa miezi kadhaa, mara nyingine kabla ya dalili nyingine yoyote. Kupima mapema humwezesha mgonjwa kuanza dawa akiwa bado na nguvu.

Saratani ya tezi, yaani limfoma, huwapata watu wazima na watoto. Aina moja inayokua kwa kasi kwa watoto wa Afrika Mashariki ilielezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala. Huvimbisha taya au tumbo ndani ya siku au wiki chache, lakini huitikia dawa vizuri ikiwahiwa.

Kwa mhudumu wa afya

Papasa shingo, juu ya mitulinga, kwapa na kinena. Usiishie kwenye uvimbe ulioonyeshwa. Kagua kinywa, meno, koo, kichwa na miguu. Pima ukubwa wa tezi kwa rula na uandike pamoja na tarehe, ili ziara ijayo iwe na cha kulinganisha. Toa ushauri na kipimo cha VVU, na uulize dalili za kifua kikuu.

Antibiotiki itolewe pale penye ishara za maambukizi ya bakteria, kwa awamu moja, na mgonjwa apangiwe kurudi baada ya wiki mbili. Uvimbe usiopungua ni sababu ya rufaa, si ya kubadili antibiotiki. Usitoe predinisoloni kabla ya ugonjwa kujulikana: hupunguza limfoma kwa muda na kuificha isionekane katika vipimo. Usipasue tezi inayoshukiwa kuwa na kifua kikuu, kwani kidonda chake kinaweza kuvuja kwa miezi.

Kipimo cha kwanza mara nyingi ni sampuli ya sindano, inayochunguzwa kwa hadubini na kwa mashine ya GeneXpert. Ikiwa majibu hayakuonyesha kitu na tezi ingalipo, kinyama kichukuliwe. Kwa mkazi wa Mabibo, njia ya rufaa huanzia zahanati au kituo cha afya, hupita Sinza au Mwananyamala, na ikibidi hufika Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Hitimisho

Dawa za asili zina heshima yake. Mabibo kwenyewe kuna kituo cha NIMR kinachozitafiti. Lakini hakuna dawa, ya asili wala ya dukani, inayoweza kueleza uvimbe ni wa ugonjwa gani. Jibu hilo hutoka kwenye vipimo. Yule mpakuzi angeulizwa wiki ya tatu, angeanza tiba sahihi kabla ya kupoteza uzito wala kazi yake.